Paka ana homa na mbwa anachechemea, naweza kuwapa Panadol robo robo?

Mzee_wa_Kihonda

Wakuu habari za jioni. Niko Moro huku Kihonda, nina mbwa dume chotara wa German shepherd na mbwa wa kienyeji, na paka jike wa wanangu. Mbwa tangu juzi anachechemea, leo mguu huu kesho ule, ukimuita anakuja ila kwa kujivuta, chakula anakula nusu anaacha. Kupe anao maana mvua zimenyesha na nyasi zimekuwa ndefu. Paka naye ana uvimbe shavuni karibu na sikio, nadhani aligombana na dume la jirani, ukimgusa ni wa moto na kajificha chini ya kitanda hataki mtu.

Sasa mama mkwe yupo hapa nyumbani kaniambia nimpe paka robo ya Panadol, mbwa nimpe diclopa moja nzima maana ni mkubwa. Nimepita duka la dawa hapa jirani nao wakasema kama ni mnyama punguza tu iwe dozi ya mtoto. Ndani nina sirapu ya watoto ya parasetamo, na kwa bro kuna chupa ya aivamektini ya ng'ombe (dawa ya minyoo na kupe) imebaki pamoja na dawa ya kuogeshea ng'ombe, alisema naweza kuchukua niwatoe kupe wote wawili.

Naomba kueleweshwa, robo ni salama? Na hiyo dozi ya kilo nayoisikia inapimwaje? Msiniambie tu nenda kwa daktari, kesho asubuhi naenda, ila usiku huu nifanye nini.

MamaPaka

Kaka usimpe paka Panadol!! Sio robo, sio sirapu, sio hata ya kulamba. Jirani yangu mmoja paka wake alipewa nusu kidonge jioni kwa nia njema kabisa, kufika asubuhi uso umevimba, miguu ya mbele imevimba, anahema mdomo wazi na ufizi umekuwa rangi ya chokoleti. Mchana hakufika. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba kwa binadamu yuko sahihi ila paka ni habari nyingine. Na hiyo sirapu iweke juu kabatini watoto wasije wakamhurumia paka wao usiku.

Dr_wanyama_wadogo

Mkuu pole, mimi ni daktari wa mifugo na mbwa na paka ndio kazi yangu ya kila siku, ngoja nikuelezee taratibu maana swali lako linaulizwa sana na majibu ya mtaani yanaua.

Mama paka kasema kweli. Watu wanadhani shida ya paka ni udogo, kwahiyo wanakata kidonge. Shida sio udogo. Ini la binadamu linaichukua parasetamo, linaiunganisha na kitu kinachoifanya itoke kwenye mkojo bila kuleta madhara. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa kimeng'enya cha kufanya kazi hiyo, kwahiyo dawa inapita njia nyingine, inageuka sumu na kushambulia chembe nyekundu za damu, damu inakuwa ya kahawia na haibebi tena oksijeni. Ndo hiyo rangi ya chokoleti kwenye ufizi. Mnyama anakosa hewa wakati mapafu yake ni mazima.

Tufanye hesabu yako sasa. Kidonge kimoja ni miligramu 500, robo ni 125. Paka jike wa kawaida ana kama kilo 3. Ukigawa 125 kwa 3 unapata zaidi ya miligramu 40 kwa kila kilo, na paka wameshaonekana kudhurika hata kwa miligramu 10 kwa kilo. Sirapu ya 120 kwa 5 ml ni yale yale, kijiko kimoja kidogo tayari ni miligramu 40 kwa kilo. Kwahiyo dozi ya mtoto kwa paka ni sumu. Na kama kuna mtu anasoma hapa ameshampa, asisubiri dalili, akimbie kliniki sasa hivi na pakiti mkononi, dawa ya kupambana nayo ipo inaitwa asetilisisteini, ndiyo hiyo hiyo wanayotumia hospitali kwa mtu aliyezidisha parasetamo, ila inafanya kazi vizuri ikiwahi.

Mbwa. Mbwa anaivumilia parasetamo kuliko paka, lakini diclopa sio parasetamo peke yake, ndani kuna diklofenaki pia. Diklofenaki na brufeni kwa mbwa ni hatari sana, zinazuia vitu vinavyolinda ukuta wa tumbo na vinavyopeleka damu kwenye figo. Anaanza kutapika, kinyesi kinakuwa cheusi kama lami, baadaye figo zinagoma. Mbwa mdogo wa kilo 5 akimeza brufeni moja ya 400 amepata miligramu 80 kwa kilo, na vidonda vya tumbo vinaanza kwenye 25 au hata chini ya hapo akipewa kila siku. Dawa za maumivu za mbwa zipo, meloksikamu kwa mfano, siku ya kwanza miligramu 0.2 kwa kilo, siku zinazofuata 0.1. Sasa ona, mbwa wa kilo 20 siku ya kwanza anatakiwa 4, kesho yake 2. Kidonge cha meloksikamu cha binadamu cha 15 ni karibu mara nne ya hiyo ya kwanza na zaidi ya mara saba ya hiyo ya pili. Ndiyo maana jina la dawa kuwa sawa halitoshi.

Na kwa paka hata hiyo meloksikamu ni ya kuogopa, Marekani FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, waliweka onyo kubwa kwenye lebo mwaka 2010 kwamba kuirudia rudia kwa paka kumehusishwa na figo kufeli na vifo.

Lakini mkuu kilichonishtua zaidi kwenye maelezo yako ni kupe, kutokula, na kuchechemea kunakohama mguu. Hiyo inaweza isiwe mguu kabisa, inaweza kuwa ugonjwa wa kupe. Kuna mmoja unaitwa ehlikia unashusha chembe za kugandisha damu na unaumiza viungo. Ukimpa mbwa wa namna hiyo diklofenaki unamfungulia mlango wa kuvuja damu tumboni. Sikusemi wewe, hata sisi tukimuona mbwa ana kupe na anachechemea tunaangalia damu kwanza ndio tunaandika dawa ya maumivu.

Usiku huu fanya hivi. Wote wawili wape maji safi karibu, paka mweke chumba chenye utulivu, akikubali mkande uvimbe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika chache, usiuminye wala usiutoboe. Mbwa mfunge asikimbie kimbie, mtoe kupe kwa mkono kwa kuwavuta taratibu karibu na ngozi. Inua mdomo uangalie ufizi, unatakiwa uwe wa pinki. Ukiwa mweupe, wa bluu au wa kahawia, au anahema kwa shida, hiyo sio ya kusubiri asubuhi. Na uko Moro, pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) kuna hospitali ya wanyama, bahati hiyo wengi humu hawana.

Jambo jingine, kumgusa mnyama ukasema ana homa. Joto la kawaida la mbwa na paka ni kuanzia 38 mpaka 39 na kidogo, wewe una 37, lazima kila siku utamuona wa moto. Kipimajoto unakipaka mafuta ya mgando unakiingiza nyuma kidogo tu, ndo unajua.

Chalinze_boy

Dr naheshimu ila mbona mimi mbwa wangu nampaga Panadol akiumwa na anapona? Kwetu tumekua tunafanya hivyo. Na ikitokea kala sumu tunampa maziwa na mafuta ya kula anatapika anapona. Yani siku hizi kila kitu hatari.

Dr_wanyama_wadogo

Ndugu yangu nakuelewa. Mbwa mkubwa akipata kidonge kimoja mara moja anaweza asionyeshe kitu, nimesema mbwa anavumilia kuliko paka na sisi wenyewe kuna wakati tunaitumia kwa mbwa kwa kipimo. Shida ni anayesoma hapo akaenda kumpa mbwa mdogo wa kilo 4 kile kile kidonge, au akampa paka kwa sababu mbwa alipona.

Maziwa sio dawa ya sumu. Hayaivunji sumu yoyote ya hizi tunazozizungumza, kuna dawa za wadudu zinazopenda mafuta na ukimpa mafuta au maziwa yenye mafuta unazisaidia kuingia mwilini haraka. Mafuta ya kula yakipitia njia ya hewa yanaingia mapafuni na hapo umeongeza ugonjwa wa pili. Chumvi ya kutapisha nayo naomba iachwe kabisa, chumvi nyingi inapandisha sodiamu kwenye damu na mbwa anaanza degedege kwa hiyo chumvi yenyewe. Mkaa wa jikoni uliosagwa pia sio ule mkaa wa hospitali. Muda unaoutumia kutafuta maziwa ndio muda wa kutafuta bodaboda.

Nakuru_Farm

Nawasalimu kutoka Kenya. Hapo kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe nataka kuongeza kitu, kwa sababu huku kwetu watu wanaenda agrovet, duka la dawa za mifugo, wananunua ile ya ng'ombe wanamwagia mbwa na paka. Kama chupa inasema saipamethrini, alfasaipamethrini, deltamethrini au pamethrini, paka asiguswe nayo kabisa. Paka wa shamba letu hatukumuogesha, alilala tu na mbwa aliyekuwa ameogeshwa hiyo siku bado manyoya hayajakauka, jioni akaanza kutetemeka masikio, halafu mwili mzima, halafu degedege. Daktari alituambia tumuoshe na sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, si ya moto, tukamfunga taulo tukamkimbiza kliniki akalazwa. Alipona lakini ilikuwa kazi. Tangu hapo mbwa wakipakwa dawa paka wanafungiwa nyumba ingine siku tatu.

Daktari, na hii dawa ingine ya kuogeshea, ya amitrazi, je? Huku wengi wanaitumia kwa mbwa wa ukurutu.

Dr_wanyama_wadogo

Umeeleza vizuri sana, na mlifanya sahihi kumuosha kabla ya safari. Maji ya moto yanafungua mishipa ya ngozi dawa inaingia zaidi, ndiyo maana ni uvuguvugu.

Amitrazi kwa mbwa inatumika ndiyo, ila kwa mchanganyiko. Ile ya asilimia 12.5 ya ng'ombe ina miligramu 125 kwa kila ml, na kwa mbwa tunaanzia kwenye asilimia 0.025, hiyo ni ml 2 kwenye lita nzima ya maji. Watu wanamimina kwa kifuniko bila kupima. Mbwa akizidishiwa anasinzia, moyo unaenda polepole, mwili unapoa. Paka asiogeshwe nayo. Mbwa mwenye kisukari, mbwa wachanga na wale wadogo sana wa aina ya chihuahua wasiogeshwe nayo. Na usiogeshe mbwa mgonjwa anayechechemea na asiyekula, ngoja apone.

mfugaji_Kilosa

Mimi naomba tuongelee aivamektini maana hiyo ndio inatumika na kila mtu, bwana mifugo akija kuchoma ng'ombe unamwambia na mbwa naye mpige kidogo. Kidogo ndio ngapi?

Dr_wanyama_wadogo

Hapo ndio penyewe. Ile ya ng'ombe ni asilimia 1, maana yake miligramu 10 kwenye kila ml. Ng'ombe anapata ml 1 kwa kilo 50. Kwa kipimo hicho hicho mbwa wa kilo 20 ni ml 0.4 na paka wa kilo 3 ni ml 0.06. Chukua bomba la sindano la ml 5 uliangalie, kila kimstari kidogo ni 0.2. Hiyo 0.06 huioni popote, ukivuta kimstari kimoja tu umeshampa paka zaidi ya mara tatu. Dalili ni mboni za macho kutanuka, kuyumba, mate, anaonekana haoni, mwisho analala haamki. Dawa ya moja kwa moja ya kuiondoa hakuna, ni kumhudumia siku kwa siku mpaka imtoke.

Halafu kuna mbwa ambao hata kipimo cha kawaida cha ng'ombe kwao ni hatari. Kwenye ubongo kuna pampu inayoirudisha aivamektini isiingie, na kuna mbwa wamezaliwa na jeni mbovu ya pampu hiyo. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, waliipata kwenye mbwa aina ya Collie, na baadaye ikaonekana kwenye Australian shepherd na baadhi ya German shepherd pia. Mzee wa Kihonda mbwa wako ni chotara wa huyo wa mwisho. Sisemi anayo, nasema ukimtazama kwa macho hujui. Kwahiyo chupa ya bro ibaki kwa bro.

Na nyie mnaotumia albendazo ya mbuzi kuwatoa minyoo mbwa na paka, inaweza kushusha uboho wasitengeneze damu. Kwa mbwa fenbendazo ni miligramu 50 kwa kilo siku 3 mfululizo, kwa tegu ni prazikwanteli miligramu 5 kwa kilo.

MamaPaka

Kupima kilo nyumbani ni rahisi jamani msitishike, unapanda kwenye mzani ukiwa umembeba mbwa, unashuka, unapanda peke yako, unatoa. Paka mtie kwenye kikapu chenye kifuniko umpeleke kwa mwenye duka anayepima unga, kisha upime kikapu kitupu. Andika tarehe na kilo ukutani au kwenye simu, paka anabadilika uzito ukiwa humuangalii.

Mzee_wa_Kihonda

Wakuu nimerudi, asanteni sana sana. Usiku sikumpa yeyote kitu zaidi ya maji na ule ukandaji. Asubuhi nimeenda nao wote. Mbwa kapimwa kilo 20 kamili, wamechukua damu sikioni wakaiangalia, wamesema ni hiyo ehlikia kama Dr alivyohisi na chembe za kugandisha damu ziko chini, hawakumpa dawa ya maumivu ya aina ile kabisa. Kapewa antibayotiki, doksisaiklini za miligramu 100, mbili kwa siku kwa siku 28. Paka kilo 3, joto lilikuwa 40, ni jipu la kung'atwa, wamelipasua limetoka usaha mwingi wakalisafisha, kapewa sirapu ya antibayotiki, amoksiklavu ya 156 asubuhi na jioni, wameandika ml 1.2.

Nimejaribu kufanya hesabu mwenyewe kama mlivyonifundisha nataka mnihakikishie. Dr wa kliniki alisema miligramu 12.5 kwa kilo, mara 3 ni 37.5. Chupa ni 156 kwa ml 5, kwahiyo ml moja ina kama 31. Nikigawa 37.5 kwa 31 napata 1.2. Ndivyo? Na je naweza kumpa kwa kijiko? Na mama mkwe anauliza mbwa akichangamka siku 28 za nini zote hizo.

Dr_wanyama_wadogo

Mkuu hesabu yako ni sahihi kabisa, na hivyo ndivyo kila mtu mwenye mnyama angepaswa kufanya, miligramu kwa kilo, mara kilo, gawa kwa kilichomo kwenye ml moja. Ukipata jibu tofauti na lililoandikwa kwenye karatasi usimpe kwanza, piga simu kliniki uulize.

Kijiko hapana, vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia bomba la ml 2 lisilo na sindano, lina mistari ya 0.1 kwahiyo 1.2 inaonekana vizuri. Mshike paka ukiwa umemfunga taulo, ingiza ncha pembeni ya mdomo nyuma ya lile jino refu, sukuma kidogo kidogo akimeza, usimuinue kichwa juu sana atapaliwa. Akitoa povu la mate ni ladha tu, sio kwamba imemdhuru. Tikisa chupa kila mara kabla ya kuvuta maana dawa inatuama chini. Ikishachanganywa na maji inakaa kwenye friji, siku zilizoandikwa kwenye chupa zikiisha imwage hata kama imebaki. Asipopenda kula usiache dawa, ila tuambie.

Doksisaiklini ya mbwa mpe pamoja na chakula, isimkute tumbo tupu atatapika, na usimpe na maziwa kwa sababu kalsiamu inaishika dawa isiingie mwilini. Huko mbele ukija kupewa kidonge cha doksisaiklini kwa paka, usimpe kikavu, kinakwama kooni kinachoma mpaka njia ya chakula inaziba, kifuatishe na ml 5 au 6 za maji kwa bomba au chakula kidogo cha majimaji.

Siku 28, mwambie mama atachangamka ndani ya siku mbili tatu hivi na hapo ndipo watu wengi wanapoacha. Vijidudu vya ehlikia vinajificha ndani ya chembe nyeupe za damu na wengu, ukiacha mapema vinarudi, na awamu ya pili inaweza kuingia kwenye uboho ambako hata sisi tunashindwa. Rudi wapime damu tena ukikaribia kumaliza dozi. Kupe wa mbwa waulize hapo hapo kliniki wakupe ya mbwa kwa kilo 20, na uwaambie nyumbani kuna paka.

Nakuru_Farm

Mzee wa Kihonda, ukinunua sirapu au dawa yoyote ya binadamu kwa mbwa siku ingine angalia pia kwa lebo kama kuna zailitoli, ni ile sukari ya badala inawekwa kwa dawa na chingamu zisizo na sukari. Mbwa inamshusha sukari ya damu haraka sana anazirai. Heri mbwa wako amepewa vidonge.

Mzee_wa_Kihonda

Nimeandika yote kwenye daftari. Mama mkwe ndiye aliyemshika paka dozi ya jioni, imeingia 1.2 yote bila kumwagika. Nitarudi na majibu ya damu ya mbwa.